Kupima Uimara na Usahihi wa Bunduki

Mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Mlio ukiwa wa wazi, hujua kwamba chungu hakina ufa. Ukiwa wa kukwaruza, hukirudisha mahali pake. Jaribio hilo ni zuri, tena halina gharama, lakini linajibu swali moja tu: je, chungu hiki ni kizima leo? Halisemi kitakaa motoni kwa miaka mingapi. Ili kulijibu swali hili la pili hapana budi kukipikia chungu siku kwa siku mpaka kivunjike, na chungu kilichovunjika hakiuziki tena. Kwa hiyo atakaye kujua umri wa kitu hulazimika kuviharibu vichache ili apate kuvisemea vingi vilivyosalia.

Tatizo hilo huwakabili watengenezaji wa balbu, matairi, pampu za maji na vitu vingine vingi. Katika makala haya tutalitazama kwa mfano wa bunduki. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya mtutu wa bunduki hukutana sura nyingi za kitabu cha fizikia kwa wakati mmoja: joto, kanieneo, msuguano, mzunguko na tabia za metali. Pili, historia ya chombo hiki ina visa ambavyo jaribio lilifanywa vibaya, na waliolipa gharama yake hawakuwa wale waliolifanya.

Yanayotokea ndani ya mtutu

Tuchukue bunduki ya Kimarekani iitwayo M16, ambayo vipimo vyake vinafahamika vizuri. Kipenyo cha tundu la mtutu wake ni milimita 5.56. Kichwa cha risasi iliyotumika katika bunduki hiyo wakati wa vita vya Vietnam kilikuwa na tungamo la gramu 3.56, nacho kilitoka mdomoni kwa kasi ya mita 990 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi anayeijua kanuni ya nishati ya mwendo (nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi) atapata takriban jouli 1,740. Nishati hiyo ingetosha kuinua gunia la kilo 50 kiasi cha mita tatu na nusu.

Yote hayo hutukia katika urefu wa karibu nusu mita, kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde. Kanieneo ya gesi ya baruti hupanda hadi kupita mara 3,000 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, na halijoto yake hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi. Chuma cha pua huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Mbona basi mtutu hauyeyuki? Jibu limo katika muda. Joto huhitaji wakati ili lipenye ndani ya metali, na katika elfu moja ya sekunde ni utando mwembamba sana wa uso wa ndani unaopata moto mkali. Mara risasi itokapo, joto la utando huo husambaa katika chuma kilicho nyuma yake na uso hupoa.

Lakini uso huo hautoki salama. Kila mlio huufanya utanuke ghafla na kusinyaa ghafla, huku chuma cha chini yake kikikataa kutanuka pamoja nao. Baada ya milio mingi hutokea nyufa ndogo ndogo, mfano wa matope ya kidimbwi kilichokauka wakati wa kiangazi. Gesi hupenya katika nyufa hizo na kung'oa vipande visivyoonekana kwa jicho. Sehemu inayoliwa mapema zaidi ni ile iliyo mbele kidogo ya chumba cha risasi, mahali ambapo gesi ni ya moto kuliko popote. Fundi huingiza kipimo cha chuma kilichochongwa kwa kadiri maalumu na kutazama kimezama umbali gani. Kadiri kinavyozama zaidi ndivyo mtutu ulivyokwisha kulika.

Dawa moja ya ugonjwa huu ni kuupaka uso wa ndani kromiamu. Metali hiyo ni ngumu, haipati kutu kwa urahisi, na huyeyuka kwenye nyuzi 1,900 hivi. Warusi waliipaka ndani ya mitutu ya bunduki zao za Kalashnikov. Wamarekani hawakuipaka katika M16 za kwanza. Tutaona baadaye matokeo yake.

Mzunguko wa risasi

Ndani ya mtutu mmechongwa mifuo inayozunguka kama hesi za skrubu. Kichwa cha risasi huishika mifuo hiyo na kulazimika kuzunguka. Mwingereza Benjamin Robins alieleza faida yake kwa maandishi. Watoto wachezao pia wanaijua kanuni hii bila ya kitabu: pia izungukayo kwa kasi husimama, na ikipungua kasi huanza kuyumba na kisha kulala ubavu.

Katika muundo wa mwanzo wa bunduki tunayoizungumzia, mfuo ulizunguka mara moja katika kila inchi 14, yaani milimita 356. Mwaka 1963 ulibadilishwa ukawa mzunguko mmoja katika inchi 12, yaani milimita 305, ili risasi isiyumbe katika baridi kali. Kwa nini baridi? Hewa ikipoa huwa nzito zaidi, na hewa nzito huisukuma pua ya risasi kwa nguvu zaidi ili kuipindua. Tulinganishe hewa ya nyuzi 15 na ile ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kanieneo ikiwa ile ile. Katika kipimo cha Kelvin ni 288 na 233. Tukigawanya tunapata 1.24, maana yake hewa ya baridi imeongezeka uzito kwa asilimia 24. Uwezo wa risasi kusimama imara hutegemea kipeo cha pili cha kasi ya mzunguko wake. Kipeo cha pili cha 14 kugawa kwa 12 ni 1.36. Faida ya asilimia 36 inaifunika hasara ya asilimia 24, na kitu kinabaki juu yake. Risasi itokayo katika mtutu wa namna hii huzunguka zaidi ya mara 3,200 kwa sekunde.

Mtutu uliokwisha kulika hauwezi tena kuishika risasi barabara. Mpimaji hujua hivyo anapoona kwamba baadhi ya matundu kwenye karatasi ya shabaha si ya mviringo bali ni marefu: risasi imefika ubavu.

Maana ya usahihi

Neno usahihi huchanganya mambo mawili, na hatuna budi kuyatenganisha. Bunduki iliyofungwa kwenye kitako cha chuma, ili mkono wa mtu usiingie katika hesabu, haipigi mahali pamoja kila mara. Matundu huunda wingu. Wingu hilo lina kitovu, nalo lina upana. Ikiwa kitovu kiko mbali na shabaha, kosa ni dogo: kilengeo huzungushwa, basi. Ikiwa wingu ni pana, hapana skrubu ya kuliponya. Kwa hiyo apimaye kuchakaa kwa bunduki hutazama upana zaidi.

Desturi ya wengi ni kupiga risasi tatu na kupima umbali baina ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Desturi hiyo ni nyepesi kupita kiasi. Tuseme matundu yametawanyika kwa mkengeuko sanifu s, ulio sawa kwa wima na kwa mlalo, na kwa mgawanyo wa kawaida. Hesabu ya takwimu huonyesha kwamba wastani wa umbali huo mkubwa kabisa ni 2.41s kwa risasi tatu, 3.07s kwa risasi tano, na 3.81s kwa risasi kumi. Bunduki ni ile ile, haikubadilika kwa lolote, lakini ukipima kwa risasi kumi utaiona ni mbaya kwa asilimia 58 kuliko ulipoipima kwa tatu. Muuzaji atapenda kuonyesha karatasi yenye matundu matatu. Mnunuzi mwenye akili atauliza karatasi nyingine ziko wapi.

Kipimo kilicho bora ni kutafuta kitovu cha matundu yote, kisha wastani wa umbali wa kila tundu kutoka kitovu hicho. Wastani huo hukaribia 1.25s, na haukui kwa sababu tu idadi ya risasi imeongezwa. Kila tundu huchangia habari yake, ambapo katika desturi ile ya kwanza ni matundu mawili tu yanayosema na mengine yote hunyamazishwa.

Joto nalo halina budi kuhesabiwa. Ujerumani ilinunua bunduki za G36 kwa ajili ya jeshi lake tangu miaka ya 1990. Sehemu kubwa ya mwili wa bunduki hiyo ni plastiki. Baadaye yalitokea malalamiko kwamba inapopata moto kwa kupigwa mfululizo, risasi hazifiki tena zilikoelekezwa. Mwaka 2015 Waziri wa Ulinzi, Ursula von der Leyen, alitangaza kwamba bunduki hiyo kwa muundo wake wa wakati ule haikuwa na mustakabali jeshini. Shauri lilifika mahakamani mjini Koblenz, na mwaka 2016 mahakama iliamua kwamba kiwanda hakikuwa na lawama: bunduki zilizoletwa zilikuwa zimetimiza masharti ya mkataba. Wakili atasema kwamba kiwanda kilishinda. Mwanafunzi wa sayansi atatazama jambo jingine, nalo ni kwamba kupasi mtihani na kufaa kwa kazi ni vitu viwili, kama maswali ya mtihani hayakuulizwa kwa kufuata kazi yenyewe.

Baruti iliyobadilishwa

Bunduki ya M16 ilisanifiwa na kujaribiwa kwa baruti ya vijiti vidogo. Mwaka 1964 jeshi la Marekani lilibadili baruti likatumia ile ya punje za mviringo. Kasi ya risasi mdomoni ilibaki ile ile, ndiyo maana badiliko likaonekana dogo. Ila bunduki hii hutumia sehemu ya gesi kulirudisha komeo nyuma, kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Na baruti mpya ilikuwa na kanieneo kubwa zaidi mahali pale gesi inapochukuliwa. Komeo likaanza kwenda mbio kuliko ilivyokusudiwa. Tena baruti hiyo ilichanganywa na kalsiamu kaboneti, ambayo iliacha uchafu mwingi katika njia ya gesi.

Masharti ya kupokea bunduki kutoka kiwandani yalisema kwamba isizidi mapigo 850 kwa dakika. Kwa baruti mpya bunduki nyingi zilipita kiwango hicho. Na hapa ndipo lilipofanyika jambo ambalo kila mwalimu wa maabara angelikatalia daftarini: kiwanda kiliruhusiwa kuendelea kuzijaribu bunduki kwa risasi zenye baruti ya zamani, huku askari wakipelekewa Vietnam risasi zenye baruti mpya. Bunduki zilipasi. Karatasi zilikuwa safi. Kilichopimwa kiwandani hakikuwa kile kilichotumika msituni.

Juu ya hayo, vifaa vya kusafishia havikutolewa vya kutosha, kwa kuwa ilienea dhana kwamba bunduki hii haihitaji kusafishwa sana. Chumba cha risasi kisichopakwa kromiamu kilipata kutu katika unyevu wa nchi ile. Kutu hutoboa vishimo. Ganda la shaba nyeupe hutanuka kwa kanieneo na kuvishika vishimo hivyo. Ndoano ya kutolea ganda huvuta, na komeo linalokwenda mbio hulirarua ganda ukingoni kabla halijalegea. Ganda hubaki ndani. Askari aliyepatwa na hayo alihitaji fimbo ya kusafishia ili alisukume kutoka mdomoni, na wengi hawakuwa nayo. Kulikuwa na taarifa za askari waliokutwa wamekufa kando ya bunduki zilizokwama.

Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord iliyachunguza mambo haya na kutoa lawama kali kwa waliosimamia. Chumba cha risasi kilianza kupakwa kromiamu, vifaa vya kusafishia vikasambazwa, na sehemu inayopunguza kasi ya komeo ikabadilishwa. Ni vema tuone kwamba hapakuwa na sababu moja. Baruti peke yake, au kutu peke yake, huenda ingevumilika.

Vumbi na hesabu

Mwishoni mwa mwaka 2007 jeshi hilo hilo lilizijaribu bunduki za aina nne katika vumbi kali. Kila aina ilitolewa bunduki kumi, na kila bunduki ilipigwa risasi 6,000, jumla 60,000 kwa kila aina. M4, ambayo ni ndugu mfupi wa M16, ilikwama mara 882. Aina iitwayo HK416 ilikwama mara 233, SCAR mara 226, na XM8 mara 127. Tukigawanya, M4 ilikwama mara moja katika kila risasi 68, na XM8 mara moja katika kila risasi 472. Askari achukuaye risasi 120 angetazamia, katika vumbi la namna hiyo, kukwama karibu mara mbili kwa bunduki ya kwanza, na kwa ya pili robo ya mara moja, yaani askari wanne wangekwama mara moja baina yao.

Hata hivyo msomaji asikimbilie kutoa hukumu. Katika jaribio la namna hiyo hiyo lililotangulia mwaka ule ule, M4 ilikwama mara 307 tu. Je, tofauti ya 307 na 882 yaweza kuwa ya bahati? Matukio yatokeayo moja moja bila kutegemeana huwa na mabadiliko ya kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi yake. Kipeuo cha pili cha jumla ya hesabu hizi mbili, 1,189, ni 34 na nusu. Tofauti yake ni 575, zaidi ya mara 16 ya kadiri hiyo. Bahati haifanyi hivyo. Basi kuna kitu kilichobadilika baina ya majaribio mawili: pengine hewa, pengine bunduki zenyewe, pengine mikono ya wapimaji. Kati ya makwamo yale 882, magazini zilihesabiwa kuwa chanzo cha 239. Kisanduku cha bati chenye springi ndani yake kinaweza kuiponza mashine nzima. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ya 307 ina mafunzo zaidi kuliko zile nne zilizotangazwa kwa kishindo, kwa kuwa inaonyesha kosa la kipimo chenyewe lina ukubwa gani.

Swali la mwisho ni hili: bunduki iliyopigwa mara 100 bila kukwama, je, ni imara? Tuseme kwa kweli hukwama mara moja katika 100. Uwezekano wa kupita milio 100 salama ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 100, ambao ni 0.37. Zaidi ya moja katika tatu! Ili uwezekano huo ushuke hadi 0.05 hapana budi kupiga karibu mara 300. Kanuni fupi ya kukumbuka ni kwamba majaribio n yasiyo na kosa hata moja yanaturuhusu kusema tu kwamba kiwango cha makosa huenda hakizidi 3 kugawa kwa n. Ndiyo sababu majaribio ya kudumu huhesabiwa kwa maelfu, tena kwa bunduki chache zilizochaguliwa bila upendeleo. Nyingine zote hupigwa mlio mmoja au miwili ya risasi iliyotiwa nguvu kupita kawaida, kisha hukaguliwa nyufa. Mafundi wa London walipata hati ya kazi hiyo mwaka 1637, na Birmingham ilipata nyumba yake ya upimaji mwaka 1813. Huko ni kukigonga chungu kwa kidole.

Kazi ya darasani

Mambo haya yaweza kuonekana shuleni kwa gololi ya chuma, rula yenye mfereji, na vitabu vichache. Egemeza rula juu ya vitabu ukingoni mwa meza, uifunge isitikisike. Tandika karatasi nyeupe sakafuni mahali gololi iangukapo, na juu yake karatasi ya kaboni. Kama kaboni haipatikani, gololi ipakwe masizi. Iachie gololi kutoka alama moja mara 30, ukiandika namba kando ya kila doa.

1. Pima kila doa kwa milimita kutoka kingo mbili za karatasi. Tafuta kitovu, kisha wastani wa umbali wa madoa kutoka kitovu hicho.

2. Yagawe madoa kwa kufuata namba zake katika mafungu kumi ya matatu matatu. Pima umbali mkubwa kabisa katika kila fungu na utafute wastani. Rudia kwa mafungu matatu ya kumi kumi. Uwiano wa wastani hizo mbili unakaribia 1.58? Zingatia kwamba madoa yako huenda yametawanyika zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, na ueleze kwa nini gololi ina tabia hiyo.

3. Nyunyiza mchanga laini kidogo sana ndani ya mfereji wa rula na uiachie gololi mara nyingine 30 bila kuufuta. Je, kilichobadilika ni kitovu, ni mtawanyiko, au vyote viwili? Na je, madoa kumi ya mwisho yanafanana na kumi ya kwanza?